Nukta Nyekundu ya Nyaruhande

Nina daftari la mistari, jalada lake la bluu limeshachanika, ambamo nimeandika kila mahali nilipowahi kulala. Si shajara. Ni majina tu, moja chini ya jingine: Kahama, Urambo, Mpanda, Geita, Sikonge, Kasulu, Kahama tena. Nililianza mwaka niliomaliza kidato cha nne na sijaacha hadi leo. Nikikaa mahali miezi minne, miguu huanza kuniwasha. Naweza kwenda stendi kununua sukari tu, nikasikia kondakta anataja mji nisioujua, na moyo ukanienda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake.

Mwishoni mwa 2012 niliandika jina la kijiji chetu, upande wa Busunzu katika wilaya ya Kibondo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Mama alikuwa ameanguka. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, mvua imelowesha njia, akateleza na nyonga ikaumia. Hospitalini walisema haijavunjika, wakampa dawa na ushauri wa kupumzika. Nilipofika nilimkuta anashuka bondeni na dumu la lita kumi badala ya ndoo ya ishirini, mkono mwingine ameshika fimbo ya mkaratusi. Huko ndiko kupumzika kwake.

Basi nikawa nachota mimi. Njia ya mtoni ni ya wanawake na watoto, na mwanamume wa miaka arobaini na kitu mwenye ndoo kichwani ni kichekesho. Jirani mmoja aliniita shemeji na kuniuliza kama nimeolewa, na kama mahari yangu ilitosha. Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nahesabu wiki.

Mama alitaka kitu kimoja, na alikisema kwa kila mgeni aliyefika na kalamu na karatasi: kisima cha pampu hapa juu, karibu na shule, kabla nyonga haijamfunga ndani kabisa. Nilijua sitakaa nikichota miaka yote. Yeye alijua kabla yangu. Siku ya tatu tu alinikuta nimesimama uani natazama barabara.

“Baba,” aliniambia, “usianze.”

Nilichokipata cha kunikalisha kilikuwa kazi ya ukarani Kibondo mjini, ya kwenda asubuhi na kurudi kijijini jioni. Kulikuwa na shirika lililotaka kuchimba visima katika wilaya, na lilikuwa limepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vijana wake walikuwa wameshazunguka vijijini na kurekodi maelezo ya watu: wanachota wapi, wanatembea muda gani, nani anaumwa tumbo mara kwa mara. Maelezo hayo yakapigwa chapa kwenye kompyuta, kurasa kwa kurasa, nyingi kiasi kwamba hakuna ambaye angezimaliza kuzisoma. Kwa hiyo zilisomwa na programu.

Nilipoiona mara ya kwanza nilisogeza kiti. Programu inapita kwenye maandishi, ikikuta jina la mahali inalipaka rangi ya njano. Kisha inalitafuta kwenye orodha ndefu ya majina yenye vipimo vyake, na ikilipata inaweka nukta nyekundu kwenye ramani. Jina likitajwa mara nyingi, nukta inavimba. Nukta iliyovimba kuliko zote ndiyo ambayo gari la wapimaji wa maji lingeifuata kwanza. Kitu nilichokuwa nakifanya kwa kalamu kwa zaidi ya miaka ishirini, mashine ilikifanya kabla chai haijapoa.

Sisi makarani tuliwekwa kuikosoa. Ilikuwa na akili na ilikuwa na ujinga. Majina mengi ya huku yana ndugu zake Burundi, na programu ilivusha vijiji vizima mpaka bila hati. Mzee wa kijiji cha Kumsenga alieleza kwamba ujanani alikata mkonge Tanga; programu ikampeleka Tanga akachote maji huko. Kazi yetu ilikuwa kuishika nukta kwa kipanya, kuiburuta na kuirudisha nyumbani. Nilikuwa mwepesi wa kazi hiyo kuliko wenzangu. Mahali pengi palipotajwa nilikuwa nimepalala.

Aliyetusimamia alikuwa binti wa Dar es Salaam, hajafika miaka thelathini, amesomea mambo ya ramani. Aliniita kaka, nami nikamwita dada. Siku moja, tukisubiri faili mpya, alitaka kitu cha kuijaribia programu, nikampa daftari langu. Aliyachapa majina yote na kubofya. Nukta zikatapakaa magharibi yote ya nchi kama surua.

“Kaka, hii siyo safari,” alisema. “Huu ni ugonjwa.”

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha nukta ya kijiji chetu, ndogo kiasi kwamba ilibidi aivute karibu. Akaitazama, akazitazama zile nyingine, akasema kumbe kwetu ndiko nilikolala kidogo kuliko kote. Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilifunga daftari, na siku hiyo sikulifungua tena.

Wiki iliyofuata ikaingia faili ya upande wetu, na katikati ya rangi ya kijani ya pori, mashariki ya kijiji chetu, ikatokea nukta kubwa kuliko zote za kata. Nilisogeza kipanya juu yake ili jina lijitokeze. Nyaruhande.

Nyaruhande ni mlima. Uko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kijijini, kuelekea pori la akiba. Watu wetu waliishi huko hadi miaka ya sabini mwanzoni, wakati wa operesheni ya vijiji, malori yalipokuja kutukusanya na kutuweka kando ya barabara. Nilikuwa mtoto wa kubebwa. Nimesimuliwa mara nyingi hadi nadhani nakumbuka: nimekalishwa juu ya magunia ya maharage, kuku mmoja akaruka nje, gari halikusimama, nami nikalia hadi tunashushwa. Baba hakupakiwa. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaburi lake likabaki nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Tangu hapo hakuna anayeishi Nyaruhande. Lakini programu haikukosea kusoma. Huku kwetu, mtu akitaka kusema neno mbele ya wageni hujitambulisha kwanza. Anapiga makofi taratibu, anasalimia, mwidiwe, mwidiwe, kisha anataja jina lake, jina la baba yake, na mlima wa baba yake. Hufanya hivyo hata aliyezaliwa kando ya barabara na hajawahi kuuona mlima wenyewe. Mwanamke aliyeolewa hutaja mlima wa mumewe. Jina la kijiji ni la kadi ya kliniki na la daftari la mwenyekiti. Kujitambulisha kwalo ni kama kujitambulisha kwa jina la stendi uliyoshukia.

Kwa hiyo mbele ya kinasa sauti karibu kijiji kizima kilikuwa kimesema ni cha Nyaruhande, kisha kikaeleza shida zake za maji. Kijiji chenyewe kilitajwa mara mbili, zote na mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Mbeya. Mlima wenyewe ulikuwa kwenye ramani za zamani ambazo programu ilizitumia. Jina likapatikana, nukta ikakaa.

Ningesema siku ile ile. Ilikuwa sentensi moja tu: dada, pale hakuna watu. Sikusema. Nilikaa naitazama ile nukta nono, jina la mlima wa baba yangu limeandikwa kwa herufi safi, na ndani yangu kitu ambacho hakijatulia tangu nilipoanza kutembea kikakaa chini. Dada alifurahi kuliko mimi. Aliamini amegundua kijiji kikubwa ambacho hakimo hata kwenye orodha ya halmashauri. Akakiweka juu ya orodha ya wapimaji, nami nikanyamaza wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Jumamosi moja nilimwambia Mama kwamba kwenye ramani ya kompyuta Nyaruhande ndiyo kubwa kuliko Busunzu yote. Alikuwa anamenya mihogo. Aliacha kisu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama na jina limeandikwa. Nikasema limeandikwa. Aliendelea kumenya, akiimba kwa pua, na mimi nikaenda kuchota maji nikijiona mtoto mwema.

Jumatatu ya wiki ya nne gari liliondoka. Alikuwamo dada, wapimaji wawili, dereva ambaye ni mtu wa Kasulu, na mimi, kwa sababu niliaminiwa kuijua njia. Tuliacha barabara, tukaingia njia ya mkokoteni, halafu njia ya ng'ombe, halafu nyasi. Kifaa cha GPS cha mpimaji mmoja kilikuwa kinahesabu mita zilizobaki. Kikafika sifuri. Dereva akazima injini, tukasikia upepo.

Palikuwa na minyaa, ile miti ya utomvu mweupe tunayoipanda kuwa ua. Imerefuka kupita nyumba, imesimama kwa miraba, na ndani ya kila mraba hamna kitu. Palikuwa na jiwe la kusagia limepasuka. Palikuwa na migomba iliyogeuka msitu.

Dereva alizunguka mara moja, akarudi akijipangusa suruali.

“Kaka, watu wa kijiji chako ni wapole,” alisema. “Hata majogoo wao hawawiki.”

Wapimaji wakacheka. Mimi nilikuwa nimeingia mraba wa kwanza, nikatoka, nikaingia wa pili, wa tatu. Nilitafuta migomba iliyo nyuma ya nyumba. Lakini migomba ilikuwa kila mahali, na nyuma ya nyumba ni wapi kama nyumba haipo? Nilikuwa nimeuficha ukweli wiki tatu kwa ajili ya mlima ambao nilipousimamia sikujua nimkanyage wapi na nimkwepe wapi baba yangu.

Dada alinifuata hadi kwenye minyaa. Hakupandisha sauti.

“Ulijua hakuna watu?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ilipotokea.”

Aliangalia saa, kisha nyasi. Aliniambia orodha ya visima inafungwa Ijumaa, na baada ya hapo mashine ya kuchimba inapangiwa njia na haibadilishwi. Kama maelezo yaliyokusanyika kwenye nukta hii ni ya watu walio mahali pengine, basi kwenye orodha watu hao hawapo kabisa.

“Ni wa wapi?” aliuliza.

“Wa kijijini kwetu. Mmoja ni mama yangu.”

Alitangulia kurudi garini. Tulipokuwa tunarudi hakuna aliyetania.

Njia ilikuwa moja. Kila maelezo yalikuwa na fomu yake ya karatasi, na juu ya fomu mrekodi aliandika kijiji alichosimama. Bila fomu hizo hakuna ambaye angekubali neno langu tu; nilikuwa nimeshalitumia vibaya. Na zilikuwa Kasulu, zimeachwa kwenye masanduku stoo, kwa kuwa makao makuu waliamua maandishi yanajieleza yenyewe.

Jumanne asubuhi nilipanda basi la Kasulu, lenye askari mwenye bunduki kiti cha mbele kwa hofu ya majambazi, kama ilivyokuwa kawaida ya njia ile. Mchana mzima, usiku kucha bila kulala, na nusu ya Jumatano nilifukua masanduku, hadi nikapata fungu letu limefungwa kwa kamba ya katani. Nikalitia kwenye mfuko wa salfeti, nikaenda stendi.

Hapo stendi ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu kwa mara ya pili. Basi la Kibondo lilikuwa halijajaa. Pembeni yake lilisimama la Mpanda, injini inanguruma, na kondakta anataja vituo vya njiani kwa ule wimbo wao. Nilivijua vyote, na miguu ikaanza. Nilifikiria nikabidhi mfuko kwa dereva wa Kibondo, nimpe namba ya dada, nipande. Mpanda hakuna ambaye angeniuliza ulijua tangu lini. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea kule.

Mwanamke Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa anauza vitenge amevipanga begani, alinisimamia mbele.

“Papa, unaenda ao unarudi?”

Alitaka tu kujua auze vipi: anayekwenda hununua zawadi ya wenyeji wake, anayerudi hununua ya mke. Niliutazama mfuko wa salfeti hadi akacheka na kusema swali si la mtihani. Nikamwambia narudi. Nikamchukulia Mama kitenge cha kijani, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshakishika, na nikapanda basi la Kibondo.

Alhamisi nilifanya kazi tangu asubuhi. Dada aliketi meza ya pili na fomu, akinisomea moja moja: namba ya maelezo, kijiji. Ninaitafuta kwenye nukta ya Nyaruhande, naishika kwa kipanya, naiburuta hadi kando ya barabara. Nyingine. Nyingine. Kwa kila moja nukta ya mlima ilinywea kidogo na ya kijiji ikavimba kidogo. Majirani zangu wote walipita chini ya kidole changu: yule aliyeniuliza mahari, fundi baiskeli, mwenyekiti mwenyewe, ambaye naye alijitambulisha kwa mlima. Nilikuwa nawashusha kama walivyoshushwa zamani, tofauti ni kwamba hapakuwa na kuku.

Ya Mama niliiacha mwisho. Dada aliisoma namba mara mbili akidhani sijasikia. Niliiburuta. Nukta ya Nyaruhande ikatoweka, kwa sababu programu haiweki alama mahali ambapo hapana mtu aliyesema kitu. Ikabaki kijani tupu.

Nilimwomba tuache hata alama ndogo, ya rangi nyingine, kuonyesha paliwahi kukaliwa. Aliifikiria. Nadhani aliifikiria kweli.

“Kaka, ramani hii ni ya wenye kiu,” alisema.

Ijumaa orodha ilifungwa na kijiji chetu kilikuwamo, cha tatu kutoka mwisho. Aliniruhusu nichape nakala moja ya ramani. Jumamosi nilimpa Mama, pamoja na kitenge. Mama hajui kusoma, lakini anajua kuangalia. Nilimwonyesha barabara, mto, shule, na nukta nyekundu ambayo ni sisi. Nikamwambia kisima kitakuja. Aliitikia kwa kichwa. Kidole chake kikaondoka kwenye nukta, kikaenda mashariki polepole, kikasimama mahali pa kijani. Sijui alijuaje. Alikuwa amepapata sawasawa.

“Na hapa?”

Nikamweleza yote: kwamba nilinyamaza, kwamba tulikwenda tukakuta minyaa, kwamba sikuweza kujua kaburi liko wapi, kwamba nimewahamisha mmoja mmoja na yeye wa mwisho. Alisikiliza amekunja kitenge magotini.

“Basi tumehamishwa mara ya pili,” alisema. “Na safari hii dereva ni wewe.”

Kisha akaniambia nyumba yetu ilikuwa mraba wa mwisho, ule ulio juu ya jiwe la kusagia, na kaburi liko upande jua linakozama. Akaniuliza kama jiwe bado lipo. Nikasema limepasuka. Akasema lilikuwa la mama mkwe wake, na tangu zamani lilikuwa jiwe baya.

Kisima kilichimbwa kiangazi cha 2014. Nilikuwa nimekaa kijijini muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu shule, na kila wiki nilijiambia ni hadi maji yatoke tu. Yakatoka. Siku ya kufungua pampu wanawake walipanga ndoo hadi uwanja wa shule, na Mama akapewa mpini awe wa kwanza. Alipampu kwa mkono mmoja, fimbo yake nikaishika mimi. Maji yalitoka mekundu, kisha meupe. Jirani yangu akanipigia kelele kutoka kwenye mstari kwamba sasa naweza kupewa talaka.

Shirika lilileta karani mpya kuchukua maelezo ya watu siku hiyo, kijana mpole wa kutoka Singida, na sasa waliandika moja kwa moja kwenye simu kubwa. Alimwendea Mama kwanza, akamwomba aseme neno kuhusu maji.

Mama alinipa kikombe alichokuwa amekishika. Akapiga makofi taratibu. Mwidiwe, mwidiwe. Akataja jina lake. Akamtaja mumewe. Akasema ni wa Nyaruhande, na aliposema hivyo hakumtazama karani, alinitazama mimi.

Kijana aliuliza jina la mahali linatamkwaje, akaandika. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Nilijua programu italisoma, italipaka njano, italitafuta na kulipata. Na nilijua kwamba kisima sasa kipo, hakuna atakayekosa maji kwa nukta hiyo.

Karani alinigeukia, labda kwa kuwa nilikuwa nimeinama kuchungulia simu yake.

“Nimeandika sawa, mzee?”

“Umeandika sawa,” nikasema.

Kesho yake asubuhi Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba bila kuniuliza naelekea wapi. Barabarani, nikisubiri basi, nilifungua daftari. Chini ya jina la kijiji, ambalo safari hii lilikuwa limekaa peke yake karibu miaka miwili, niliandika Nyaruhande. Ni jina pekee humo la mahali ambapo sikumbuki kulala, ingawa nililala huko kabla ya kwingine kote. Kisha vumbi likaonekana upande wa Kibondo, nikanyoosha mkono.